Shingo Yangu na Mizani ya Asali

Jumatatu, 2 Juni 1975

Nimepoteza mizani ya asali ya kijiji. Jumamosi, tarehe 31 Mei, saa nne na robo asubuhi, mbele ya watu thelathini na wawili na madebe kumi na tisa. Kosa langu? Shingo! Tangu msimu uanze natoka mabaka mekundu, kutoka masikioni hadi mtulinga, na uso umeumuka kama andazi. Mwenyekiti, mzee Isaka, kasema watu wanaogopa asali iliyopimwa na mtu anayejikuna. Mizani kapewa Melkizedeki. Melkizedeki! Akihesabu, akivuka kumi anavua viatu. Kamati inakaa tena Jumamosi hii. Ngozi ikitulia, narudi. Isipotulia, msimu mzima ni wake.

Dresa wa zahanati kasema haiambukizi, ni roho kuhangaika, niende kwa Bibi Stumai, mkunga, nikakandwe. Nimekwenda. Nimetoa shikamoo, kaitikia marahaba, kaniambia nilale. Nilingoja mkono wa nguvu. Wapi! Kanipaka samli kidogo, ananipitishia vidole kama mtu anayeondoa unyasi kwenye maziwa asichane utando wa malai. Kwanza vishimo vya juu ya mtulinga, kisha shingo kutoka sikioni kushuka, kisha mashavu kuelekea masikioni. Mara saba kila mahali, polepole. Eti ngozi ikikasirika maji hukwama chini yake, nayo yana njia zake, yanataka kuonyeshwa tu. Sharti moja: nisiende kwenye mizani, nisimwone Melkizedeki.

Nilikoroma. Raha tupu.

Mabaka: 41. Kahesabu mke wangu Anastazia, nami nikahakiki kwa kioo.

Jumanne, 3 Juni

Mabaka 34. Yamepungua saba! Nimekandwa tena, nimekoroma tena.

Hesabu ikanikatili. Saba kwa siku, Jumamosi asubuhi nitabaki na sita. Kamati haitaki sita. Nimemwuliza Bibi kama anaweza kuongeza kasi. Kasema maji si punda.

Jioni nimepita nyuma ya ghala. Kupita tu. Kuna tundu kwenye ukuta wa ua linalotazama mizani. Melkizedeki alikuwa anapima huku anacheka na watu! Mizani haitaki kicheko. Nimesimama pale dakika hamsini.

Jumatano, 4 Juni

Nimetumia akili yangu. Bibi anafuata ya wakunga, mimi ni mtu wa asali. Miaka kumi na minne nakamua masega, najua kitu kilichokwama kinatokaje: kinabanwa! Alfajiri nimejipaka samli, nikashika shingo kwa mikono miwili, nikakamua. Mara sabini kila upande, yaani kazi ya siku kumi. Anastazia kauliza kama najinyonga.

Saa tatu: mabaka 58. Shavu la kushoto limezidi la kulia.

Bibi Stumai kaniona. Kasema hii ni shingo, Simoni, si sega, na nta haitatoka. Kanikanda kwa mkono mwepesi kuliko jana. Kauliza kama nimemwona Melkizedeki. Nimesema sijamwona. Kweli, leo nilikuwa bado.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa. Hapa kwetu anayeingia kwa Bibi Stumai siku tatu mfululizo na kutoka ananukia samli ni mmoja tu: mzazi. Filipo, mtani wangu, kalitumia hilo. Asubuhi kapita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba Simoni kajifungua salama, mtoto ana uzito wa kilo tatu na robo, kapimwa na Melkizedeki.

Hadi saa sita nimeletewa uji wa mtama vibuyu vitano, maziwa, kuku mmoja na kipande cha kanga cha nepi. Mama Klara, jirani, kaniuliza kwa uso mkavu kama maziwa yametoka. Siwezi kukasirika. Ukimkasirikia mtani, faini ni yako.

Nilijaribu kutoroka kuelekea ghalani. Filipo kaketi mlangoni na fimbo. Kasema mzazi hatoki, upepo utampata, arudi ndani.

Mabaka 50. Uji mzuri sana, una karanga.

Ijumaa, 6 Juni

Filipo bado mlangoni. Bibi Stumai kaja kunikanda hapa hapa, asubuhi na jioni. Sijaona mizani. Sijaona tundu. Nimekunywa uji, nimelala, nimesikia treni ya Itigi ikipiga honi mbali, nimelala tena. Sijui hata madebe mangapi yamepimwa leo. Ajabu, sikuuliza.

Sikuhesabu mabaka. Nilisahau.

Jumamosi, 7 Juni

Mabaka 2! Yote nyuma ya sikio, kamati haifiki huko. Mzee Isaka kanigeuza kwenye mwanga kama anakagua mbuzi, kasema shingo imekuwa ya mtoto. Filipo kadakia kwamba kweli, ni ya mtoto wake. Ukumbi mzima ukacheka, hata mimi. Mizani imerudi kwangu! Melkizedeki kanipa mkono na kunipongeza kwa uzazi.

Bibi Stumai kaniusia: dawa ni mkono mwepesi na kuacha kufuatilia yasiyo na maana. Nimemkubalia kwa moyo wote. Ni mwanamke mwenye akili.

Saa nane nikaenda kukaa kwenye mizani yangu. Kiti kimesogezwa, na mizani pamoja nacho! Hatua nne, hadi kivulini. Watu wanasifu, eti siku hizi hawaungui na jua. Nimekalia. Kuna ubaridi mzuri, siwezi kukataa. Lakini kwa ruhusa ya nani?

Nimewaandikia kamati barua, nakala tatu, moja nimeibandika mlangoni kwa Melkizedeki. Sitaki maelezo, sitaki historia ya kivuli. Nani alisogeza kiti? Jina moja, kwa maandishi, kabla ya Jumatatu saa mbili kamili asubuhi.

Mabaka 9. Samli iko wapi?