Mpira wa Zamani na Beberu Mweupe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Jana Mzee Kilonzo, baba yake Mwongeli, aliniuliza kwa simu ni nani hunihudumia gari. Nikasema ni mimi mwenyewe. Kwa nini? Sijui. Mdomo ulitangulia. Mzee akafurahi! Akasema mtu anayetunza gari lake atatunza na binti wa watu, na Jumamosi tukipeleka mbuzi wa ntheo atafungua boneti ajionee. Ntheo! Mbuzi watatu, wazee wa pande zote mbili, na wakipokelewa Mwongeli ni wangu mbele ya watu. Wasipopokelewa, basi.

Kwa hivyo ni lazima nibadilishe oili, na si kwa Kitonga. Ndiyo, Kasikeu nzima watu humpelekea Kitonga magari yao. Lakini huyo fundi alimmezea mate Mwongeli mwaka mzima kabla yangu, na bado humchekea pale dukani. Kavaluku hatalala kwake hata saa moja. Kavaluku ndilo jina la gari langu, yaani sungura, kwa vile linaruka likiwaka.

Nimenunua oili na filta kwenye duka la spea, kwa Mwongeli mwenyewe. Akaniambia nikitoa filta kuukuu nihakikishe mpira wake, ile pete ya kuzuia oili, umetoka nayo, maana hupenda kubaki umeng'ang'ania injini, na miwili ikipandana huvuja. Akarudia. Nikamwambia nimetazama video tatu. Akaniangalia vile huangalia mteja anayerudisha balbu iliyoungua.

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi! Lakini kwanza maumivu. Video ilisema injini iwe vuguvugu. Yangu ilikuwa moto. Nilipofungua nati ya chini, oili ikanishukia mpaka kwapani. Nilipiga yowe, jirani akazima redio asikie vizuri. Karai la Mama likajaa. Filta ikakataa kuzunguka. Nikaifunga mshipi wangu wa kanisani, mshipi ukakatika. Nikapigilia bisibisi katikati yake kwa nyundo, nikazungusha, ikatoka imepondeka vibaya. Mpira? Sikuona mpira wowote. Basi umeshaenda zake. Nikafunga filta mpya kwa mikono miwili na goti moja.

Oili chafu nimepaka vigingi vya ua, mchwa wakome. Picha nimemtumia Mzee Kilonzo: mimi, spana, boneti wazi. Amejibu kwa kidole gumba. Kidole gumba cha baba mkwe!

Jumatano, 6 Agosti

Doa jeusi chini ya Kavaluku. Kubwa, kama sinia. Asi!

Nimeuliza ni nani alipita hapa. Mama akasema ni Kitonga, alikuja kununua mayai. Mayai! Mtu ana kuku kwake. Hiyo ni hujuma wazi, amelegeza kitu. Mama akasema Kitonga hakufika hata karibu na gari, na shati lake lilikuwa jeupe. Ndio ujanja wenyewe huo.

Nimesukuma gari mpaka nyuma ya choo, mahali mtu hawezi kufika bila kuonekana. Nikatandaza katoni chini, nikaketi nikilinda. Hakuja mtu. Katoni ikalowa mbele ya macho yangu. Kitonga ni hatari kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 7 Agosti

Video ya nne. Pangusa injini, nyunyiza poda, washa, tazama poda inalowa wapi, hapo ndipo panapovuja. Poda sina, mimi si mtoto mchanga. Unga wa chapati upo, Mama aliuweka kwa ajili ya Jumamosi. Nimetumia kiasi. Haya, nimetumia kiasi kikubwa. Nikawasha, feni ikapiga, uwanja wote ukawa ukungu. Kuku wakaja. Jogoo akaingia ndani ya boneti, na kumtoa ilikuwa vita. Ukungu ulipotulia, unga ulikuwa umelowa kila mahali na injini inanukia chapati. Uamuzi wangu: kinacholowa kila mahali hakivuji. Injini inatoa jasho tu.

Mwongeli amepiga simu. Akauliza kama niliona mpira wa zamani ukitoka. Nikamwambia nimefunga mpya kabisa. Akasema haulizi mpya. Nikamuuliza gauni lake la Jumamosi ni la rangi gani. Akakata simu.

Mama anatafuta unga. Nimemwelekeza kwa jogoo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mjomba Ndolo ameleta mbuzi kutoka Kyuso. Wawili wa kahawia na beberu mmoja mweupe pe pe pe. Huyo mweupe amesifiwa kwa simu hadi Kilungu kwa wakwe, Mzee Kilonzo anamngoja yeye hasa. Mjomba akaniachia niwafunge, akaenda kunywa chai. Nikawafunga karibu na gari. Beberu akaona kivuli, akajilaza chini ya Kavaluku. Alipotoka alikuwa na mstari mweusi toka shingoni hadi mkiani.

Woi! Nilimwosha kwa sabuni, akawa kijivu. Nikajaribu mafuta ya taa, akawa kijivu na ananuka. Akanipiga pembe pajani. Nimetazama chini ya gari: matone yanaanguka sawasawa chini ya filta. Sadfa tu, filta ni mpya. Halafu nikakumbuka unga uliobaki. Sasa beberu ni mweupe kuliko alivyozaliwa. Tatizo ni wale wawili, wanamlamba.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika yote, hata ya aibu.

Asubuhi Mama, bila kuniuliza, alikuwa amemwomba Kitonga ambebe yeye na wazee kwa pikapu yake. Mimi nikatangulia na Mjomba kando na mbuzi nyuma. Barabara ya Mombasa tulipita sawa. Tulipoanza kupanda Kilungu, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaifunika kwa stika ya kanisa. Tukapanda kidogo, injini ikaanza ngo! ngo! ngo! Mjomba akauliza ni nani anapiga hodi. Nikazima. Kitonga akasimama nyuma yetu, akashuka na kamba, akatufunga kwa upole. Afadhali angenicheka.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa wakwe, nikivutwa. Mzee Kilonzo akafungua boneti. Unga. Harufu ya chapati. Matone kwenye uwanja wake uliofagiliwa tangu alfajiri. Beberu akashushwa akiwa na mistari, maana wenzake walikuwa wamemlamba njia nzima. Wazee wa kwao wakaanza kunong'ona kwamba waliahidiwa mweupe, huyu ni wa nani? Mzee akauliza kwa sauti gari hili lilihudumiwa na nani.

Nikamwangalia Kitonga. Jina lake lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, haki ya Mungu. Lakini Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Niliogopa. Niliogopa kumkosa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nikasema ni mimi.

Mwongeli akashuka na gauni lake la kijani, akajifunga leso, akaomba nyingine ya kushikia, akainama, akafungua filta. Mpira mpya ulikuwa juu yake. Akarudisha mkono ndani, akang'oa kwenye injini mpira mwingine, mweusi, mkongwe, akaniwekea kiganjani. Aliyecheka ni Mama peke yake.

Mzee akautazama ule mpira, akafunga boneti. Kisha akasema mbuzi wamepokelewa. Huyo wa mistari pia, kwa sababu kwa harufu ile kupe hawatamsogelea, na kwa sababu mimi, Musyimi, nimekiri kwamba gari nililihudumia mwenyewe. Sharti ni moja: nisishike spana tena, na ufunguo wa gari akae nao Mwongeli. Nikautoa. Ningetoa na gari lenyewe. Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu, 11 Agosti

Injini imepona. Mwongeli ameweka oili na kila kitu kiko kikavu. Nami nimetafakari sana.

Sawa, mipira ilikuwa miwili. Lakini kwa nini ilivuja? Kwa sababu haikuwa na gundi! Miwili ni zaidi ya mmoja, hata mtoto wa nasari anajua. Nimemweleza Mwongeli. Amesema niende nikalale.

Sasa, nilipokuwa kule nyuma ya tangi, niliona kidoa chini ya pikapu ya Mzee Kilonzo. Kidogo tu, lakini mimi nina jicho. Na Jumapili watu wote wa boma lile watakuwa kanisani hadi mchana. Zawadi ya mkwe, kimyakimya, bila kujisifu! Sharti lilitaja spana. Filta huzungushwa kwa mkono.

Filta nimenunulia Sultan Hamud ili nisiulizwe maswali. Gundi ninayo. Unga nimeazima kwa Kitonga. Mpira mpya upo, wa pikapu nitauacha palepale, na ule wa zamani sikuutupa, huo utakuwa wa tatu.