Foleni ya Pichi kwa Mama Pruitt

Jumatatu, 9 Juni

Jimbo linapanua barabara. Linataka kutwaa kibanda cha kuuzia matunda ya pichi cha Mama Pruitt, ng'ambo ya ofisi yangu, kwa fidia ya kichekesho. Miaka thelathini nawatetea wanaonyang'anywa ardhi hapa Texas, na bado wananitukana hivi! Mama Pruitt alilia ofisini. Hataki hela, anataka kibanda alichojengewa na marehemu mumewe kibaki pale pale. Nikamwambia aniachie mimi. Jimbo likitaka ardhi linachukua. Tunachogombania ni bei. Na theluthi ya nitakachoongeza ni yangu.

Wakili wa jimbo ni nani? Lorraine Tackett! Kazi nimemfundisha mimi. Leo ananiita "mzee wangu". Mzee wa nani?

Jumanne, 10 Juni

Alhamisi wakadiriaji watatu wa fidia walioteuliwa na jaji watakuja kukagua kibanda, pamoja na Lorraine na mhandisi wa barabara. Nimepita pale mchana. Wateja wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia. Biashara gani hii? Fidia yake haitoshi hata kununua viatu.

Nimepata wazo! Nimempigia binamu yangu Dub. Alete magari yote anayoweza, na kwaya nzima ya kanisa, wajifanye wateja. Nimeahidi nyama ya kuchoma. Eti akauliza kama ni halali. Nikamkatia simu. Mtu anayefuga mbuni hana la kunifundisha kuhusu sheria.

Jumatano, 11 Juni

Lorraine ameegesha gari mahali pangu mahakamani. Hapajaandikwa jina langu, lakini kila mtu anajua! Halafu akaniuliza kwa upole wake ule kama Mama Pruitt anauza kweli. Nikamwambia aje ajionee. Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 12 Juni

Magari pomoni! Foleni mpaka barabarani. Wakadiriaji waliegesha mbali wakaja kwa miguu, jasho linawatoka. Mama Pruitt ameuza kila pichi, hata zilizopondeka. Mkadiriaji mmoja naye akapanga foleni. Nilitamba mimi!

Aliyenikera ni mhandisi. Badala ya kutazama kibanda akawa anatazama mlango wa ofisi yangu, anaandika. Akaniuliza mle mna nini, maana tangu afike hajaona mtu akiingia. Nikamjibu kwa ukali kwamba hayamhusu, atazame foleni. Lorraine akakohoa. Nilijua ni wivu.

Jumatatu, 16 Juni

Mijitu hii! Jimbo limeondoa kesi. Mhandisi kasema biashara yenye umati ule haivunjwi. Barabara itapanuliwa upande wa pili. Upande wa pili ni mimi! Ofisi yangu! Wameiandika "jengo lisilo na shughuli". Nimeirarua barua, kisha nikaiunga kwa gundi, maana nitaihitaji mahakamani.

Na kibanda kisipotwaliwa hakuna fidia, na bila fidia theluthi yangu imekwenda na maji. Nimeshinda kesi, sina hata senti!

Mchana Mama Pruitt akaja, analia tena, safari hii kwa furaha. Amebeba kapu la pichi. Nikanyoosha mikono kulipokea. Kumbe anataka kujua Lorraine anakaa wapi.

"Yule binti kaiondoa kesi, ana moyo, mwanangu," akasema. "Na wewe pole na ofisi."

Hakuniachia hata pichi moja.

Jumanne, 17 Juni

Wiki ijayo wakadiriaji na mhandisi wanakuja kwangu. Nitajitetea mwenyewe; angalau mteja huyu ananisikiliza. Lorraine kapiga simu kunishauri nitafute wakili mwingine. Nimemkatia.

Kisha nikampigia Dub. Alete kwaya tena, wapange foleni mlangoni kwangu wakiwa na sura za watu walionyang'anywa mashamba. Akasema kwaya bado inadai nyama. Nikamwambia watakula zote kwa pamoja. Akauliza kwa ile sauti yake ya kizembe:

"Wendell, mhandisi akiona umati kwako, si atairudisha barabara kwa Mama Pruitt?"

Nilishafungua mdomo nimtukane. Nikaufunga. Kumbe mfuga mbuni naye ana akili! Ofisi yangu itabaki. Kibanda kitatakiwa tena. Fidia itarudi, na theluthi yangu nayo.

Nimemwambia alete kwaya mbili. Maskini Mama Pruitt, atahitaji wakili mzuri.