Kimya, Hapa ni Darasa

Duniani waliwahi kutokea watu wawili tu walioweza kuandika herufi S ikasimama bila kuyumba. Wa kwanza alikuwa marehemu fundi aliyemfundisha Profesa kazi. Wa pili alikuwa Profesa mwenyewe, na hilo alikuwa tayari kumweleza hata mtu aliyepita kuomba chumvi.

Uprofesa wenyewe hakupewa na chuo. Alipewa na vijana wa mtaani kwa kumtania, naye akaupokea kwa mikono miwili kabla hawajaghairi. Darasani alikaa kidogo sana. Kusoma alijifunza kwenye magazeti ya kufutia brashi, ndiyo maana kila habari aliyoijua ilikuwa na doa la rangi mahali fulani, na mwisho wake haujulikani.

Alikuwa mwandika mabango. Kinyozi, duka la dawa, mshona viatu, wote majina yao yalitoka mkononi mwake. Kisha zikaja mashine. Siku hizi mtu anabonyeza kidude, bango la plastiki linatoka limekunjwa kama mkeka, lina picha ya mtu anayecheka bila sababu. Jua likimpiga miezi michache, yule mtu anabaki meno.

Kwa hiyo ukuta wa shule ya mjukuu wake ulipopasuka, na wanafunzi wakaambiwa wabaki nyumbani wasome kwa kompyuta hadi mafundi wamalize, Profesa aliona amechokozwa yeye binafsi.

"Walianza na mabango," alisema. "Sasa wamewageukia walimu."

Aliyebeba mzigo wa maneno hayo kila siku alikuwa mjukuu mwenyewe, binti wa darasa la tano, mwembamba kama rula na mwenye majibu kuliko maswali. Babu yake akianza hadithi ya zamani, yeye hunyanyua vidole kuonyesha ni mara ya ngapi. Baadhi ya hadithi zilikuwa zimeshamaliza vidole vya mikono.

Jioni moja mama wa mtoto, muuguzi, alirudi kazini akaanza kuvua viatu mlangoni bila kusalimia.

"Mwalimu amenipigia simu. Anasema wiki nzima anaona jina la mtoto tu. Akimwita, haitikii."

"Alikuwepo," alisema Profesa. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa chini ya meza."

"Chini ya meza anafanya nini?"

"Amelala. Lakini kwa adabu, hakukoroma."

"Mama, inachosha," alijitetea mtoto kutoka jikoni. "Mwalimu anaongea peke yake, sisi tumekaa tu kwenye visanduku kama sabuni."

Mama alipanga viatu vyake ukutani, taratibu, na taratibu hiyo ndiyo iliyomtisha Profesa.

"Ijumaa kuna mkutano wa mwalimu, wazazi na watoto, humo humo kwenye kompyuta. Kama mwalimu bado analalamika, nampeleka kwa shangazi yake mpaka shule ifunguliwe. Kule kuna chumba cha kusomea, kuna binamu zake wakubwa wa kumsimamia, na hakuna redio inayobishana na mwalimu."

"Hiyo redio nitaizima."

"Baba, hiyo redio ni wewe."

Profesa aliangalia mlango wa jikoni, ambako mtoto alikuwa anaosha vikombe huku akiimba vibaya. Alijaribu kuifikiria nyumba ile bila sauti hiyo. Nani angemfichia miwani? Nani angenyanyua vidole? Hadithi isiyo na mtu wa kuichoka si hadithi, ni mzee anayeongea peke yake.

"Niachie mimi," alisema. "Mpaka Ijumaa mtoto huyu atapenda masomo mpaka mwalimu aombe kupumzika."

*

Kulipokucha, Profesa alianza mageuzi ya elimu.

Shule, kwa maoni yake, ilikuwa vitu vitatu: kengele, sare na kusimama. Kengele ilikuwa mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa mwiko nje ya dirisha mpaka jirani akatoka kuuliza moto uko wapi. Sare ilivaliwa yote, hadi soksi. Kitanda cha mchana kilitolewa sebuleni, meza ikasogezwa dirishani, na chini ya meza akaweka ndoo za rangi ili pasilalike.

Kuhusu kusimama, aliweka sheria: mwanafunzi akiitwa, asimame wima ndipo ajibu.

Mtoto aliitwa. Akasimama. Kichwa kikatoka kwenye picha, likabaki sweta.

"Sawa kabisa," alisema mwalimu. "Leo sweta limejibu vizuri kuliko wiki yote iliyopita."

Darasa likacheka, mtoto naye akacheka, na ajabu ni kwamba swali lililofuata alinyoosha mkono mwenyewe. Profesa alijipongeza. Hakugundua kwamba inayochekwa ni sheria yake.

Wakati wa mapumziko alimpeleka mtoto uani akazunguke mbio mti wa mpapai. Hesabu za sehemu zilipowashinda, wakakata kipande cha mkate vipande, vikaliwa kimoja kimoja kila jibu lilipokuwa sahihi. Profesa alikosa majibu mengi, na njaa ikamuuma. Mambo, kwa kweli, yalikuwa yanakwenda. Mtu mwenye kiasi angeishia hapo.

Lakini kiasi hakikuwa miongoni mwa vitu alivyovisoma kwenye magazeti yale.

"Unajua darasa lako limekosa nini?" alimuuliza mjukuu. "Bango."

"Babu, ukuta huo Mama kaupaka rangi juzi tu."

"Ndiyo maana uko tayari."

Alishusha brashi zake kutoka juu ya kabati, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa kama vito. Akavuta uzi uliopakwa chaki toka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, akaubana ncha, akauvuta katikati na kuuachia, tap, ukaacha mstari ulionyooka. Mtoto alishika ncha moja. Hakuwa amewahi kuona kazi hiyo, na kwa muda mrefu hakunyanyua kidole hata kimoja.

Jua lilipoanza kulegea, nyuma ya kiti cha mtoto palikuwa na maandishi mekundu yenye kivuli cheusi, makubwa ya kutosha kituo cha mabasi:

KIMYA
HAPA NI DARASA

"Washa mashine," aliamuru Profesa. "Tuone mwalimu atakavyoona."

Mtoto akawasha kamera. Profesa akaitazama picha yao kwenye kioo cha kompyuta, na damu ikampanda. Herufi zote zilikuwa zimegeuka. Zilianzia kulia zikaenda kushoto, na ile S yake, S ya maisha yake, ilikuwa imekaa kama nyoka aliyekanyagwa.

"Mashine hii ina kiburi."

"Hapana, Babu. Inatuonyesha sisi kama kioo cha kujitazamia. Wenzetu huko wanaona sawa."

"Wanaona sawa, umewaona?"

"Sijawaona, lakini ndivyo ilivyo."

"Bibi wee, mimi nilikuwa naandika kwenye vioo vya maduka kabla mama yako hajaota meno. Unakaa ndani, unaandika kinyumenyume, anayepita nje anasoma sawa. Mambo ya kugeuka utanifundisha wewe? Naona imegeuka. Kwa macho haya."

"Babu, ukiigeuza ndipo utakapoiharibu."

"Leta chokaa."

Alifuta ukuta, akauacha ukauke usiku, na siku ya pili akaandika upya. Hapo ndipo ufundi wake wote ulipojitokeza. A, M, I, H na Y hazikumsumbua, ni herufi zisizo na kinyongo, ukizigeuza hazibadiliki. Vita vilikuwa kwa K, P, N, D, R na S. Alizigeuza moja baada ya nyingine, jasho likimtoka, mkono ukikumbuka kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameiulizia kwa miaka. Alipomaliza, aliitazama kamera. KIMYA. HAPA NI DARASA. Wima, safi, kama gwaride.

"Unaona?" alisema. "Hata mashine hutii."

Mtoto alimtazama, akatazama ukuta, akaamua kunyamaza. Babu yake alikuwa hajatabasamu hivyo muda mrefu.

*

Ijumaa Profesa alivaa koti. Alikaa kwenye kigoda kando ya mjukuu, akaelekeza kamera mwenyewe, akahakikisha bango lote limeingia, hata kama ilibidi sikio lake moja libaki nje.

Visanduku vikafunguka kimoja kimoja. Mwalimu alikuwa katikati. Wazazi walikuwa wamekaa na watoto wao, ingawa familia nyingi zilikuwa majina matupu, kamera zimezimwa. Binti yake alikuwa pembeni, kwenye simu, amesimama kwenye korido ya kazini.

Watu wakaanza kuangalia. Baba mmoja mwenye upara aliinamisha kichwa kushoto, akaendelea kuinamisha mpaka upara ukatoka kwenye picha. Watoto walicheka bila sauti. Binti yake alijifunika mdomo kwa mkono, na Profesa akajua hayo ni machozi ya fahari.

"Mzee, shikamoo," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu."

"Samahani, kabla hatujaanza. Hayo maandishi nyuma yako ni ya lugha gani?"

Profesa alimhurumia.

"Kiswahili, mwalimu. Naona siku hizi mnaajiriwa kwa haraka."

Mwalimu akasogeza miwani. "Aymik," akasoma polepole, kama anayeonja dawa ya mtoto. "Asarad in apah. Mzee, Kiswahili hiki ni cha wapi?"

Profesa aligeuka kuutazama ukuta. Akarudi kwenye kompyuta. Akageuka tena. Ukuta ulikuwa unasema Aymik, kompyuta ilikuwa inasema Kimya, na mwalimu alikuwa anausoma ukuta. Koti likawa kubwa ghafla. Alimwona binti yake ameshusha mkono mdomoni, na hakuwa analia. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayefunga sanduku la safari.

Chini ya meza, mguu mdogo wenye soksi ulimkanyaga. Mtoto akasimama.

"Mwalimu, ni zoezi," lilisema sweta.

"Sweta, kaa tukuone uso."

Akakaa. "Ni zoezi. Babu yangu aliandika vioo vya maduka, anaandika kinyume kwa ndani ili wa nje wasome sawa. Ametuandikia sisi hivyo hivyo. Mwenye kioo akalete, aelekeze kwenye kompyuta, atasoma. Atakayewahi ndiye mshindi."

Viti vilianguka nyumba baada ya nyumba. Majina matupu yakafunguka yakawa sura, kwa maana huwezi kushindana ukiwa umezima kamera. Mmoja alirudi na kioo cha mkoba wa mama yake. Aliyekosa kioo alileta kijiko kikubwa, akadai anasoma lakini herufi zimevimba. Mwenye upara alitokea amekumbatia kioo cha bafuni, kikiwa bado na misumari yake.

"KIMYA!" walipiga kelele watoto wote kwa pamoja.

Hakuna neno la kuomba utulivu lililowahi kupigiwa makelele namna ile.

"Sasa," alisema mtoto, akiwa amesahau kuogopa, "kwa nini A haijabadilika, ila K imebadilika?"

Hapo mwalimu alipokea, na somo likawa somo. Walikunja karatasi, wakatafuta herufi zinazolingana pande mbili, wakaandika majina yao kinyume. Mtoto ndiye aliyeitwa kueleza, tena na tena, na kila alipoitwa alisimama, na kila aliposimama darasa zima lilipiga kelele, "Sweta, kaa!"

"Mama yake mtoto," alisema mwalimu mwishoni, "tangu ukuta ule upasuke sijawahi kuona kamera zote zimewaka. Nilitaka kukushauri umhamishe. Leo nakuomba abaki hapo hapo alipo."

Kule koridoni binti yake akaitikia kwa kichwa, na Profesa akanyoosha koti lake.

"Asante, mwalimu," alisema. "Mbinu hii niliifikiria siku nyingi, maana elimu ya siku hizi…"

"Ila babu," alimaliza mwalimu, "awe anazima maiki."

*

Jioni muuguzi alirudi, akavua viatu, akaweka simu mbele ya baba yake. Alikuwa ameipiga picha ile hali. Profesa alijiona: koti, kidevu juu, sikio moja, na nyuma yake lugha ya watu wasiokuwepo duniani.

"Baba, tuongee ukweli. Lilikuwa zoezi?"

Profesa alimtazama mjukuu. Mjukuu alikuwa anatazama dari kwa bidii.

"Lilikuwa zoezi."

"Alipewa nani?"

Profesa akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa shati.

"Mimi."

"Ukapata ngapi?"

"Muulize mwalimu wangu," alisema, akaonyesha kwa kidevu upande wa mtoto. Mtoto akanyanyua mikono yote miwili, akakunja vidole vyote, likabaki duara la sifuri.

Jumamosi aliandika ukuta upya, kwa mara ya tatu, sawasawa na macho ya binadamu. S ilisimama bila kuyumba. Jumatatu mfuniko ukagongwa, sare ikavaliwa, kamera ikawashwa. Profesa akakaa kwenye kigoda chake, maiki imezimwa, akaitazama picha yao kwenye kioo cha kompyuta. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, na nyoka wake amekanyagwa tena.

Alikaza taya. Akaangalia meza. Akaangalia dirisha.

"Wanaona sawa?" alinong'ona.

"Wanaona sawa, Babu."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa mimi na wewe," alisema mtoto, akafungua daftari. "Na mimi nimeshazoea."