Sarafu ya Serikali ya Milele

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na Idara ya Makumbusho ilitangaza kwa fahari kwamba leo wananchi wataoneshwa sarafu pekee ya dhahabu ya Serikali ya Mapinduzi ya Milele, iliyotawala toka Ijumaa hadi Jumanne.

Mtunza sarafu, mama wa sala nyingi na maneno machache, alilipangusa kabati la kioo. Mkurugenzi alikwisha kumwonya: "Milango ikifunguliwa na sarafu haionekani, kibarua chako kimeota nyasi."

Ulibaki uhakiki tu. Kwa mujibu wa mwongozo, dhahabu ya serikali huhakikiwa kwa jino la afisa mwandamizi. Mkurugenzi akaiuma.

"Cheka kidogo, bosi!" akasema mpiga picha.

Bosi akacheka. Sarafu ikamshuka kooni.

"Maji!" akakoroma Mkurugenzi.

"Samahani, mzee wangu," akasema mtunza. "Vinywaji ni marufuku karibu na vielelezo."

"Basi mwite dereva! Naenda hospitali."

Mama akaona kibarua chake kinaelekea mlangoni. Akasali kimoyomoyo, akapata nguvu.

"Huwezi, mzee. Kielelezo hakitoki jengoni bila kibali cha kamati."

"Iite kamati!"

"Inakaa Juni. Vikao vya dharura ulivifuta mwenyewe."

"Wewe mama! Mimi ni Mkurugenzi!"

"Ndiyo, mzee. Na kwa sasa ni kabati pia."

Mwongozo ulikuwa wa Mkurugenzi mwenyewe, sahihi yake, muhuri wake. Akasimama nyuma ya kamba, shingoni kibao: DHAHABU. USIGUSE. Milango ikafunguliwa kwa wakati, watu wakamiminika.

Bibi mmoja akainama, akamkagua toka viatu hadi upara.

"Mbona siioni sarafu yenyewe?"

"Imo, bibi," akasema mtunza. "Imo tumboni mwa mkuu."

"Ahaa! Basi iko pamoja na ile barabara yetu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata askari wa zamu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mkurugenzi, jasho likimchuruzika, akainua mkono wa kulia.

"Wananchi, naahidi mbele yenu nyote: mali ya umma nitairudisha!"

"Itaje, mwanangu," akasema bibi. "Ahadi isiyo na jina hupotea njiani."

"Sarafu," akasema Mkurugenzi.

Hakuna aliyeondoka. Mpiga picha akainua kamera.

"Na barabara," akaongeza Mkurugenzi.