Malalamiko ya Mtu Mmoja Aliyeketishwa Meza Tatu

Gitega, Kigali
Jumatatu, siku ya pili baada ya harusi

Kwa mpwa wangu Achille, Rebero

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Bujumbura nilikokulia, maana hasira zangu hutoka kwa adabu zaidi katika lugha hiyo. Mimi ni mjomba wako, fundi cherehani, mtu mmoja. Naomba uzingatie hilo la mwisho, kwa kuwa Jumamosi, kwenye harusi ya dada yako Christella, kompyuta yako ilikataa.

Ulinieleza mwenyewe nyuma ya ukumbi. Uliandika programu inayopita kwenye orodha ya wageni, jina moja baada ya jingine, na kwa kila jina inachapa kadi na kumpa mgeni meza. Kurudia huko mnakuita kitanzi. Basi kitanzi chako kikikuta nafasi tupu kati ya maneno, hudhani mtu amekwisha na mwingine ameanza. Nami naitwa Nahimana Eustache Révérien. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlangoni, binti wa mapokezi aitwaye Connie alitazama karatasi yake akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani kati ya hawa watatu?" Nikamjibu, wote. Akaniomba niwasubiri wenzangu.

2. Programu iligawa majina kama karata. Nahimana alipewa meza ya kwanza, pamoja na wakwe. Eustache meza ya pili, na vijana waliosoma na bwana harusi. Révérien meza ya tatu, kando ya jenereta. Nilikaa kwa Nahimana. Kidogo nikasikia meza ya pili wananung'unika kwamba huyo Eustache hana adabu, Fanta yake inapata joto. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikaenda kuinywa. Niliporudi, kiti cha Nahimana kilikuwa na mwenyewe mpya.

3. Hili ndilo linaloniuma. Niliahidi kuwapa maharusi ng'ombe mmoja. Mshereheshaji, Jean-Paul, akasoma orodha ya watoa ng'ombe iliyopitishwa kwenye kitanzi kile kile. "Nahimana, ng'ombe mmoja!" Nikasimama, watu wakapiga makofi. "Eustache, ng'ombe mmoja!" Ningefanyaje, Achille? Mama yako alikuwa ananitazama. Nikasimama. Alipoita "Révérien" nikabaki nimeketi. Jean-Paul akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Révérien ameahidi kisha ametoroka. Ukumbi mzima ukaguna. Baba mkwe, mzee Karangwa, akanishika bega: "Pole, kila ukoo una mtu wa namna hiyo." Nami, kwa uchovu, nikakubali.

4. Tangu jana mama yako hataki kusikia habari za Révérien. Ananisalimia kama Eustache tu.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya mambo mawili. Ama programu yako iniombe radhi kwa maandishi, ama, ikishikilia kwamba tuko watatu, iwalete hao wawili. Waje na ng'ombe wao, wachukue vitambulisho, wajiandikishe bima ya afya, kisha waingie dukani, maana nina sare arobaini za shule za kushona na mikono yangu haitoshi. Uliniambia dawa ilikuwa kulifunga jina langu ndani ya alama za kunukuu. Alama mbili tu! Mimi kwenye koti lako la harusi nilishona vifungo sita.

Nisalimie mama yako, Christella na mumewe, na majirani wote waliotuazima viti.

Ni mimi, mjomba wako,
Nahimana-Eustache-Révérien
(nimeunganisha kwa vistari, kwa usalama)

N.B. Barua hii imelala kwenye droo wiki tatu. Jioni ile ya harusi, ili Révérien asionekane ametoroka kabisa, nilikwenda kukaa kwenye kiti chake. Pembeni yake alikuwa Bi Annick, mjane, mshonaji wa mapazia kule Nyarutarama. Tuliongea kwa kupiga kelele, kwa sababu ya jenereta, hadi viti vikakusanywa. Jana amekubali tuoane. Orodha yetu ya wageni nimeiambatanisha. Tafadhali ipitishe kwenye programu ile ile, usirekebishe hata nukta. Sisi wawili hatuna ndugu wengi, na tungependa ukumbi ujae.