Mnyama wa Mfuko Aliyeniachisha Mke

Al Qabil, Sharqiya
Mwezi wa kumi, 1981

Kwa mwanangu Mahrous bin Khalaf, mwenye kuonyesha picha za televisheni, Maskati.

Shikamoo yako nimeshaipokea, nimeitika marahaba kabla hujaileta. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa Kiswahili, maana mie na baba yako tumekulia Tabora pamoja. Nina mashitaka juu ya mnyama wako.

Unanijua. Nimeendesha lori Tabora mpaka Ujiji miaka ishirini na mbili. Simba kanipisha njia. Hakuna mnyama duniani nisiyemjua, na wengi wao wananijua.

1. Mwezi wa saba ulionyesha kitu kinaitwa kangaruu. Tulikuwa kwa jirani yangu Marhoun, wanaume barzani, wanawake nyuma ya pazia. Kitu kimesimama kwa miguu miwili kama karani, mara kichwa cha mtoto kikachomoza tumboni. Wakasema ana mfuko. Nikawaambia ile ni ngozi tu, ndani mna mtu. Marhoun akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Basi nikaapa mbele ya wote: "Kama yupo mnyama mwenye mfuko tumboni, Ghaniya si mke wangu." Ghaniya nyuma ya pazia akavaa viatu vyake, akaondoka.

2. Nikamwendea sheikh. Akasema mnyama yupo, talaka moja imeanguka, nimrejee mbele ya mashahidi wawili kabla eda ya miezi mitatu haijesha, tuendelee kuzeeka. Rahisi kwake. Nikimrejea ndiyo nimekiri mnyama yupo, na Marhoun ameshajitolea kuwa shahidi wa kwanza.

3. Ghaniya anakaa eda humu humu nyumbani, kama sheria inavyotaka, lakini amehamia chumba cha tende. Anapika sufuria ya mtu mmoja. Juzi kapika mchuzi wa papa. Mie nikala mkate wa dukani, nimekaa upande upepo unakoleta harufu yake. Nikamwuliza mlangoni haya yatakwisha lini. Akajibu: "Baba Thabit, miaka arubaini sijakusikia ukisema umekosea. Nataka nilisikie neno hilo mara moja kabla sijafa." Hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyepishwa na simba?

3 tena, maana hiyo haikutosha. Badala ya kutubu, ukaonyesha na wengine. Mmoja analala mtini mchana kutwa, naye ana mfuko. Mwingine mnene, mchimba mashimo, mfuko wake umeelekea nyuma. Nyuma, Mahrous. Hapo ndipo nilipowakamata. Ingekuwa maumbile, mifuko yote ingetazama upande mmoja. Ile ni kazi ya mafundi wawili wasiosemezana.

4. Watu wanaharibika. Binti yangu Shukriya kashona mfuko mbele ya nguo yake, anabebea mtoto humo. Mjukuu wangu alikuwa akilia vizuri, sasa halii kabisa.

Kwa hiyo nataka, wala si mengi: Alkhamisi baada ya habari, mtangaze kuwa kangaruu ameshonwa. Mumtaje fundi. Na yule mtu wa ndani ya ngozi, kama yu hai, aje Al Qabil avue mbele ya Marhoun. Fanya haraka, eda inakwisha Jumatatu, na Ghaniya ameshafunga sanduku aende kwa kaka yake Nizwa. Kule nani atajua kuwa chai yake lazima ipoe kwanza?

Nisalimie baba yako, na mama yako Umkulthum, na wote walio katika jengo lenu isipokuwa mafundi.

Ni mimi, nisiyebadilisha neno,
Baba yako mkubwa,
Sleyum bin Tuwaini

Nyongeza: Usitangaze kitu. Barua ilikosa gari, na jana, Jumapili, nimemrejea Ghaniya, mashahidi Marhoun na Nadhir. Kwa hiyo mnyama yupo. Ukisema hayupo, nitakuwa nimemrejea mke ambaye sikumwacha, na watu watanicheka upya. Lile neno alilolitaka nimelisema pia, lakini polepole, na televisheni ilikuwa ikiwaka. Tena nimekumbuka kuwa kangaruu nilimwona mie kabla yenu nyote, njia ya Ujiji, mwaka wa thelathini na tisa, aliruka akanipisha. Ghaniya anasema Afrika hawapo. Nilitaka kuapa, akaniziba mdomo kwa mkono wake, ungali unanuka papa.