Pikipiki ya Maji na Mtani Wangu Stefano

Jumatatu, 2 Julai 1984

Nyama ya Idi bado iko tumboni na neema nyingine imeingia. Mwenyekiti wetu, Mzee Agustino, ametangaza kwamba Jumamosi, Saba Saba, mgeni rasmi atakuja kufungua bwawa la kijiji. Siku hiyo atateuliwa mlinzi wa bwawa. Viatu vya mpira! Kofia! Tunaoitaka kazi ni wawili. Mimi Mwinjuma, muuzaji wa duka la ushirika lisilo na cha kuuza tangu masika. Na Bonifasi, mwenye mtumbwi na majivuno. Atakayetangulia kuvuka mbele ya mgeni ndiye mlinzi.

Mtumbwi! Mimi nitapanda pikipiki ya maji. Mtaalamu aliyejenga bwawa aliiacha alipokwenda kwao, kuukuu, rangi imebabuka, ufunguo ukabaki dukani kwangu. Ni mali ya kijiji, na mimi ni mwanakijiji. Bonifasi amekwisha.

Jumanne, 3 Julai

Nimeiwasha. Kelele za trekta, mwendo wa kobe. Nikikandamiza mafuta mlio unapanda, chombo kinabaki palepale kinatetemeka. Bata wamenipita.

Nilikuwa naendesha kandokando, maji ya magoti, kwa sababu ambayo naiandika hapa tu: sijui kuogelea. Mlinzi wa bwawa asiyejua kuogelea si habari ya kutangaza. Mke wangu Mwaisha alikuwa anafua karibu. Alisema labda chombo kimelemewa na nyama ya Idi.

Jumatano, 4 Julai

Nimemwita Stefano, fundi wa mashine ya kusaga. Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Waluguru. Kwenye msiba wa mama yangu mtu huyu alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka nimpe jogoo. Sasa nani amwamini?

Aliniita mtumwa wake, akaingiza mkono tumboni mwa chombo, akautoa umejaa mchanga. Akasema injini ni nzima, ubovu uko kwenye pampu. Pangaboi la kusukuma maji limeliwa na mchanga wa kandokando. Kati yake na ukuta wa pampu kidole kinapita, kwa hiyo maji yanarudi yalikotoka badala ya kusukuma. Nikate bati la debe, nilizungushie ukutani mpaka nafasi izibe. Kisha nihame mchangani.

"Ipeleke katikati, kwenye kina," alisema, uso mkavu kabisa. "Huko ndiko itakwenda."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bati la debe kwenye mashine ya Wajapani! Na mimi kwenye kina! Anautaka msiba mwingine huyu. Utani wa Kinyamwezi naujua tangu utotoni. Ubovu ni mafuta na uzito, basi.

Alhamisi, 5 Julai

Petroli hakuna, kuanzia mjini mpaka Gairo. Ya mtaalamu imebaki kidogo kitakoni mwa dumu. Nimeiongezea mafuta ya taa. Ukatoka moshi mzito, Mzee Agustino akatuma mtu kuuliza nani anachoma pori. Sasa injini inakohoa kwanza, ndipo inanguruma, na haiendi vilevile. Jana ilikuwa na ugonjwa mmoja.

Nimeng'oa kiti kupunguza uzito. Nimeacha na kula. Bonifasi alipita na mtumbwi wake, akanisalimia kwa upole na kuuliza kama nahitaji msaada. Upole wake unaniuma kuliko matusi.

Ijumaa, 6 Julai

Akili imefunguka! Nimemshauri Mzee Agustino jukwaa lihamishiwe upande wa mashamba ya mpunga, ili mgeni apate upepo mzuri wa mlimani. Amenisifu. Hakujua kwamba upande ule maji hayafiki kiunoni, hata ukivuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikianguka, nasimama.

Stefano aliuliza kama nimetia bati. Nikamkonyeza. Akasema safari hii hatanii. Mtani akikwambia hatanii, hapo ndipo pa kumwogopa.

Jumamosi, 7 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Mgeni alikaa, ngoma zikalia, watoto wa shule wakaimba. Bonifasi akapiga kasia. Mimi nikawasha, nikaupa mgongo umati, nikakandamiza mpaka mwisho. Chombo hakikwenda mbele hata shubiri. Matope ndiyo yaliyokwenda, tena kinyumenyume, jukwaani, hadi kwenye suti ya mgeni rasmi. Nyimbo zikakatika. Nikageuka kuomba radhi, nikateleza, nikaanguka majini nikipiga mayowe kwamba nazama.

Bonifasi aliacha mashindano, akarudi, akanishika ukosi na kunisimamisha. Watu wote wakaona maji yanaishia magotini. Mgeni mwenyewe alicheka, huku akijipangusa. Bonifasi amepewa kofia. Kofia yangu. Nimelia, na Mwaisha amenipikia uji.

Jumapili, 8 Julai

Stefano amekuja na bati la debe alilolikata mwenyewe. Akalitia, akamwaga mafuta yangu, akatia petroli aliyoitoa anakojua yeye. Akaipeleka katikati. Ilikwenda! Alivuka bwawa akiwa amesimama, Mwaisha akapiga vigelegele. Mzee Agustino akaagiza chombo kirudi ghalani, nisikiguse.

Basi nimejifunza. Mtani wangu husema kweli, na mimi nilikuwa mjinga. Jioni nilimwendea, nikamwomba radhi kwa unyenyekevu, nikauliza kama pangaboi lililolika laweza kupona kabisa, maana bati ni kiraka tu. Alinitazama sana. Akageuka pembeni, akakohoa kidogo, akarudi na uso mkavu.

"Lizike kwenye pumba za mpunga, mtumwa wangu," alisema. "Limwagilie asubuhi na jioni. Chuma cha Kijapani huota tena."

Safari hii sikucheka hata kidogo.

Jumatatu, 9 Julai

Nimeingia ghalani kimyakimya, nikalifungua pangaboi. Pumba nimeletewa kutoka Dakawa, za huko ndizo nzuri. Nimechimba nyuma ya duka, nikalizika. Bonifasi alipita na kofia yake, akauliza napanda nini. Nikamwambia ataona Saba Saba ijayo.

Mwaisha anamwagilia mchicha wake, mimi namwagilia chuma changu. Nimefukua kidogo kutazama. Bado halijaota, ila pumba zenyewe hazijalowa vizuri.